Anayejua Kuanguka

Katika mchezo wa judo somo la kwanza si kuangusha, bali ni kuanguka. Mwalimu humfundisha mtoto kukunja kidevu kifuani ili kichwa kisigonge chini, na kupiga mkeka kwa mkono ili mgongo usiumie. Akiisha kuyazoea hayo, ndipo aonyeshwapo jinsi ya kumshika mwenziwe nguo na kumtupa. Mjapani Kano Jigoro, aliyeuanzisha mchezo huu mjini Tokyo mwaka wa 1882, alitaka uwe malezi ya mwili na ya moyo pamoja.

Twataka kuwapasha habari za mwanamke wa Ufaransa ambaye somo hilo limemfaa katika maisha yake yote. Jina lake ni Clarisse Agbegnenou. Wazazi wake walitoka Togo; yeye alizaliwa mjini Rennes tarehe 25 Oktoba 1992, pamoja na ndugu yake pacha wa kiume. Walizaliwa kabla miezi haijatimia. Clarisse alipasuliwa figo angali kichanga, akalala siku kadhaa bila fahamu. Nani angalidhani kwamba mtoto huyo atakuwa na nguvu za kuwatupa wenziwe? Lakini mwaka uleule wa 1992, katika Michezo ya Olimpiki ya Barcelona, wanawake walishindania nishani za judo kwa mara ya kwanza. Njia ilikuwa imefunguliwa.

Alianza kujifunza akiwa na miaka 9. Alipokua akashindana na wanawake wasiozidi kilo 63. Tukihesabu ushindi wake tu, twaona bingwa wa dunia mara sita. Lakini afadhali tuhesabu na maanguko. Mwaka 2013, mjini Rio de Janeiro, alifika kwenye pambano la mwisho la ubingwa wa dunia, akashindwa na Yarden Gerbi wa Israeli. Mwaka uliofuata, huko Chelyabinsk katika Urusi, walikutana tena, na safari hii Clarisse akashinda. Mwaka 2015 akashindwa na Tina Trstenjak wa Slovenia. Mwaka 2016, katika Olimpiki ya Rio, Trstenjak yuleyule akamnyima dhahabu tena.

Hapo wengi wangalitafuta udhuru. Yeye alirudi mazoezini. Mwaka 2017, mjini Budapest, alimshinda Trstenjak akawa bingwa. Akashinda tena Baku mwaka 2018. Mwaka 2019 alipigana na Mjapani Miku Tashiro mjini Tokyo, mbele ya watu wa nchi yake. Pambano ni la dakika 4, lakini wakiwa sawasawa huendelea mpaka mmoja ashinde. Wale wawili waliendelea kupita dakika 11, na Clarisse ndiye aliyeshinda.

Kwa ajili ya maradhi ya korona, Olimpiki ya Tokyo iliahirishwa hata mwaka 2021. Clarisse aliichukua bendera ya Ufaransa pamoja na mwanamichezo mmoja wa kiume, na tarehe 27 Julai akamkuta tena Trstenjak katika pambano la mwisho. Dakika 4 zikapita, hakuna aliyeshinda. Katika muda wa ziada Clarisse akamwangusha, akapata dhahabu. Kisha wakakumbatiana. Mtu aliyekuangusha na kukufundisha hivyo si adui yako. Siku nne baadaye, kikosi cha Ufaransa cha wanaume na wanawake kiliwashinda Wajapani 4 kwa 1, nyumbani kwao judo.

Mwezi wa Juni 2022 alijifungua mtoto wa kike. Katika nchi nyingi, na kwetu pia, watu husema kwamba mwanamke akizaa, mambo yake mengine yamekwisha. Clarisse alirudi kwenye mkeka huku akimnyonyesha mtoto, akamchukua pamoja naye mazoezini. Mwezi wa Mei 2023, mtoto hajatimiza hata mwaka, mamaye alikuwa bingwa wa dunia mjini Doha kwa mara ya sita.

Kisha akaanguka tena. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, mbele ya watu wa nchi yake, alishindwa katika nusu fainali na Andreja Leški, ambaye Clarisse alikuwa amemshinda katika pambano la mwisho la ubingwa wa dunia wa 2021. Dhahabu aliyoitamani ikapotea. Siku ileile, huzuni ingali mbichi, ilimpasa kushindania shaba, akaipata. Tarehe 3 Agosti kikosi cha Ufaransa kiliwashinda tena Wajapani, 4 kwa 3, naye akavaa dhahabu pamoja na wenziwe.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Bingwa huyu atuonyesha kwamba hata kuanguka kwenyewe si mwisho, kama mtu amefundishwa namna yake. Basi ninyi wanafunzi, mkishindwa mtihani, someni kosa lilikuwa wapi. Nanyi akina baba, binti yenu akijifungua naye angali na hamu ya kusoma au kufanya kazi, msimwambie kwamba siku zake zimepita. Mpakateni mtoto, mama apate kuinuka.