Pete chafu si pete mbovu

Luena, Haut-Lomami – Familia inapokimbia, vitu vinaachwa nyuma kimoja kimoja. Kwanza mbuzi na kuku, halafu magunia ya mahindi, halafu godoro, halafu sufuria zilizokuwa nzito njiani. Kinachofika mwisho wa safari ni kile kilichokuwa mwilini. Kwa mama wengi, kitu hicho ni pete. Haihitaji nafasi juu ya baiskeli wala haihesabiwi mzigo ndani ya treni. Ndiyo maana siku unga unapokwisha, pete ndiyo inayofikiriwa kwanza.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Pete iliyovuka pori haifanani tena na pete. Imeingia mafuta ya mawese, saboni, jasho, moshi wa mbabula, udongo wa shamba, na hapa Luena, mji wa makaa ya mawe, vumbi jeusi juu ya hayo yote. Jiwe lililokuwa likicheka siku ya ndoa limekuwa kama jicho la samaki aliyelala sokoni siku mbili. Mnunuzi analigeuza, anakunja uso, anasema: "Mama, jiwe hili limekufa. Nitakupa pesa ya unga, basi." Mama anapokea meka chache za unga na kushukuru. Jioni mnunuzi anatia pete ndani ya maji ya moto kiasi na saboni, anaipiga brosi, na jiwe linafufuka. Bei nayo inafufuka pamoja nalo, lakini si kwa mama.

Kuna watakaosema: watu wanalala chini ya turubai, wanakosa dawa, na ninyi mnazungumza habari za kuosha pete? Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba pete haizungumzwi kwa ajili ya urembo. Kwa aliyepoteza nyumba, shamba na mifugo, pete ni akiba ya mwisho. Mwenye benki anaweza kudharau kipande cha gramu tatu. Asiye na kingine hawezi. Na akiba hiyo inaibiwa mchana, bila kisu na bila bunduki, kwa neno moja tu: "imekufa".

Ukweli ni kwamba almasi haifi. Ni jiwe gumu kuliko mawe yote yanayojulikana. Vumbi la barabara haliwezi kulikwaruza. Tatizo lake ni jingine: almasi inapenda mafuta. Maji yanateleza juu yake, lakini mafuta yanashika. Watu wa migodi wanajua siri hiyo tangu mwisho wa miaka ya 1800 kule Kimberley, Afrika Kusini. Walipaka meza mafuta mazito, wakapitisha juu yake mchanga na maji. Mawe mengine yakachukuliwa na maji, almasi zikabaki zimenata. Tabia hiyohiyo inafanya kazi kidoleni. Mama akikanda unga, akipaka mtoto mafuta, akikaanga samaki, jiwe linakusanya utando kidogo kidogo, hasa upande wa chini, mahali ambapo kidole kinagusa. Mwanga unaingia kutoka juu, unakuta nyuma kumezibwa, haurudi. Jiwe linaonekana kijivu. Hakuna kilichoharibika, ni dirisha lisilofutwa.

Watu wa Luena wana sababu zaidi ya kuelewa jambo hili. Makaa ya mawe yanayochafua vidole hapa na almasi inayong'aa kule Mbuji-Mayi vyote viwili vimejengwa na kitu kimoja, kaboni. Tofauti ni namna kaboni hiyo ilivyojipanga, na joto na mgandamizo wa chini sana ardhini ambako almasi ilizaliwa. Kwa hiyo anayemcheka mama kwa sababu jiwe lake lina weusi wa makaa, anacheka ndugu wawili waliokutana.

Kazi ya kuosha haihitaji fundi. Bakuli moja la maji ya vuguvugu, si yanayochemka. Saboni ya kawaida ya kuoshea vyombo, isiyo na chembe za mchanga. Pete ilale humo nusu saa, mpaka mafuta yalegee. Kisha brosi ya meno laini, ikiwezekana ya mtoto, isuguliwe polepole juu, pembeni, na zaidi chini ya jiwe, kule kwenye uchafu wenyewe. Isuuzwe ndani ya bakuli la pili, si mtoni wala juu ya mfereji, maana jiwe likichomoka halitarudi. Mwisho ipanguswe kwa kitambaa cha pamba. Kabla ya kuivaa tena, isogezwe karibu na sikio na kutikiswa. Ikisikika sauti ndogo, kucha zinazoshika jiwe zimelegea, na pete hiyo isivaliwe mpaka fundi azikaze.

Makosa ni mengi, na mengine yanafanywa kwa nia njema. Majivu na mchanga vinang'arisha sufuria, lakini dhahabu ni laini, vinaikwaruza. Hata dawa ya meno inaikwaruza. Maji ya javeli yanakula madini yaliyochanganywa na dhahabu, na kucha za pete zinaweza kukatika siku mtu hategemei. Asidi ya betri inaunguza mikono na macho kabla ya kufikia pete. Zebaki, ile inayotumiwa na wachimbaji wa dhahabu, ikigusa pete inaigeuza nyeupe papo hapo. Na moto? Wapo wanaosema almasi ya kweli haiogopi moto. Si kweli. Ni kaboni, na kaboni inaungua. Moto mkali unaofukutwa unaweza kuacha uso wa jiwe umepauka kama maziwa, na hakuna saboni ya kuondoa hilo. Ndimu na chumvi vinafaa kwa pete ya shaba iliyofanya kijani, lakini visiguse malakaiti, jiwe la kijani la Katanga yetu, kwa sababu ndimu inalila.

Kuosha kunaleta pia ukweli, na ukweli mara nyingine unauma. Pete nyingi zenye jiwe jeupe hazina almasi. Zina kioo au jiwe la kiwandani, na nyingine ni shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu. Kongo inatoa almasi nyingi, lakini sehemu kubwa ya mawe ya Kasai ni ya kazi za viwandani, ya kutoboa na kukata, si ya kuwekwa kidoleni. Mama akigundua kwamba jiwe lake ni kioo, asione haya. Aliyempa alimpa kwa moyo, na pete ya ndoa haikuwahi kupimwa kwa karati. Ila ni afadhali agundue nyumbani kwake kuliko kuambiwa na mtu mwenye faida ya kumdanganya. Na asiamini jaribio la kukwaruza kioo: mawe mengi ya bei ndogo yanakwaruza kioo vilevile.

Akiamua kuuza, pete ikiwa safi inasoma yenyewe. Ndani ya duara kunaonekana alama ambayo uchafu ulikuwa umeficha. Nambari 750 maana yake ni dhahabu ya karati 18: katika gramu 1000, gramu 750 ni dhahabu. Nambari 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Pete ya gramu tatu yenye alama 750 ina gramu mbili na robo za dhahabu halisi. Hesabu hiyo mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifanya, na mnunuzi anayekataa ifanywe mbele yake anajulikana anachotafuta. Alama pia inaweza kughushiwa. Kwa hiyo bei isikubaliwe kwa mtu mmoja. Waulizwe wawili au watatu, siku tofauti, na pete isitoke machoni pa mwenyewe hata dakika moja. "Niachie nikaioshe, nitairudisha kesho" ndilo neno lililobadilisha mawe mengi kuwa vioo.

Kuna na hila ya karatasi. Mnunuzi anamtisha mama kwamba jiwe halina hati, kwamba polisi watamkamata. Mpango wa Kimberley, ulioanza kufanya kazi mwaka 2003, unahusu almasi ghafi zinazovuka mipaka ya nchi. Jiwe lililokatwa na kufungwa ndani ya pete ya ndoa halimo. Anayetumia jina la sheria ili kushusha bei anafanya kazi ya mwizi kwa mavazi ya afisa.

Reli hii inapopita hapa Luena imekwisha kubeba machozi ya namna hii. Miaka ya 1992 na 1993, Wakasai waliofukuzwa Likasi na Kolwezi walipita njia hii kuelekea Mwene-Ditu na Mbuji-Mayi, wengi wao baada ya kulala wiki nyingi kwenye vituo vya treni na kuuza walichokuwa nacho kwa bei ya kutupa. Baadaye wakaja waliokimbia upande wa Mitwaba wakati wa Bakata Katanga, na mara kwa mara wanaohamishwa na maji ya Lualaba upande wa Bukama. Makabila yanabadilika, sababu zinabadilika. Anayenunua kwa bei ya shida habadiliki. Aliyenunua jana kwa jirani yake anaweza kesho kuwa anayeuza.

Kwa hiyo jambo hili lisiachwe kwa mama peke yake. Komite ya soko inaweza kuweka mzani mmoja unaojulikana, ulio wazi, ambao kila mtu anaona sindano yake. Paroisi na makanisa, ambako ndoa zilibarikiwa, yanaweza kutoa watu wawili waaminifu wa kushuhudia mauzo na kuandika kwenye daftari: uzito, alama, bei, jina la mnunuzi. Shefu wa kartiye anaweza kuwaambia wanunuzi wanaozunguka kwenye kambi kwamba biashara ifanyike sokoni, mchana, au isifanyike. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri pesa kutoka Kinshasa au mashirika. Yanahitaji aibu kidogo na utaratibu.

Na Papa wa nyumba naye ana neno lake. Pete isiuzwe kwa siri na mmoja wakati mwingine amelala. Wakikaa wawili kando ya bakuli, wakaiosha pamoja, watajua wanachouza, na pengine watajua pia kwamba bado hawajafika siku ya kuuza. Wengine, wakiona jiwe linarudisha mwanga baada ya miaka ya matope, watairudisha kidoleni na kutafuta unga kwa njia nyingine. Wengine watauza tu, kwa sababu mtoto ana homa, na hakuna wa kuwahukumu.

Lakini wauze pete, wasiuze uchafu. Vita na mafuriko vimekwisha kuchukua vya kutosha. Maji ya bakuli moja na kipande cha saboni vinaweza kuzuia angalau hasara hii moja.