Kosa si Uzee wa Ndege

Muhula uliopita, katika mjadala wa chama chetu, hoja iliyoletwa mbele yetu ilisema kwamba ndege za kivita za zamani zipigwe marufuku kuruka, zifungiwe katika majumba ya makumbusho. Waliounga mkono walikuwa wengi, na sababu yao ilikuwa moja tu: eti zimezeeka, kwa hivyo lazima zianguke. Kengele ililia kabla sijapata zamu yangu ya kusema. Basi naichukua zamu hiyo katika kurasa hizi.

Kwanza, siwalaumu wenzangu. Habari zenyewe zinatisha. Tarehe 12 Novemba 2022, katika maonyesho ya ndege mjini Dallas, Marekani, ndege mbili za wakati wa Vita Vikuu vya Pili ziligongana angani mbele ya umati wa watazamaji. Kubwa ilikuwa B-17 iliyoitwa Texas Raiders, ndege ya kudondosha mabomu yenye injini nne. Ndogo ilikuwa P-63 Kingcobra, ndege ya mapigano inayobeba rubani peke yake. Hiyo ndogo ilikuwa ikipinda kushoto ilipoigonga kubwa ubavuni, nyuma kidogo ya bawa. Zote mbili zilivunjikavunjika. Watu sita walifariki dunia: watano waliokuwa ndani ya B-17, pamoja na rubani wa P-63.

Sasa wewe niambie, ni injini iliyozimika? Ni bawa lililooza kwa kutu? La hasha! Wachunguzi wa serikali ya Marekani, wale wa bodi inayoitwa NTSB, walitoa ripoti yao ya mwisho mwaka wa 2024. Chanzo walichokitaja ni kwamba hapakuwa na mpango wa kutosha, uliokubaliwa kabla ya kuruka, wa kuzitenganisha ndege hizo. Yaani kosa lilianza chini, ardhini, kabla hata ya magurudumu kuacha lami.

Hebu tuangalie ilivyokuwa. Angani palikuwa na ndege nane katika makundi mawili: tano za kudondosha mabomu na tatu za mapigano. Msimamizi wa maonyesho alikuwa chini akitoa amri kwa redio. Aliziambia za mapigano zifuatane moja nyuma ya nyingine, zipite mbele ya zile kubwa, kisha zishike mstari ulio umbali wa futi 500 kutoka kwa watazamaji. Zile kubwa zilitakiwa kushika mstari wa futi 1,000. Je, kila kundi liruke kwa kimo gani? Hakuna aliyesema. Halikusemwa kabla ya kuruka, wala halikusemwa redioni. Kila rubani aliachiwa macho yake.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo ni nzuri hapa duniani, lakini huko juu haitoshi, na nitaeleza kwa nini.

Mnakumbuka gwaride? Anayetembea katikati ya safu hatazami mbele aendako. Anamwangalia mwenzake aliye pembeni ili mstari usipinde. Kama kiongozi wa gwaride ataingia mtaroni, safu nzima itamfuata mtaroni. Ndivyo ilivyo kwa ndege zinazoruka kwa safu. Rubani anayefuata hukaza macho kwa ndege ya kiongozi wake, kwa sababu akizubaa hata kidogo atamgonga. Nafasi ya kuangalia kwingine ni chache mno. Zaidi ya hayo, ndege si dirisha. Ina pua, ina mabawa, ina vyuma vya kushikilia vioo. Ikilala upande ili ipinde, mwili wake wenyewe unaweza kuficha ndege nyingine nzima. Hata wale wachunguzi wa Dallas walisema kwamba sehemu za ndege ziliziba macho ya marubani, na kwamba macho ya binadamu yana kikomo chake. Jamani, hapo mwenye macho ataona nini?

Pengine mtu atasema: kama ni hatari hivyo, kwa nini zikaanza kuruka kwa safu? Jibu liko katika historia. Wakati wa vita, B-17 moja ikienda peke yake juu ya Ujerumani ilikuwa windo rahisi. Zikienda nyingi kwa mpangilio wa karibu, bunduki zao zililindana kila upande. Hatari ya kugongana ilikuwepo, na kweli ziligongana, lakini ilikubalika kwa sababu hatari ya adui ilikuwa kubwa zaidi. Vita hivyo viliisha mwaka wa 1945. Leo hakuna adui. Zinaruka pamoja ili zipendeze, basi. Kwa hivyo hesabu imebadilika: kilichokuwa ngao sasa ni pambo, na hakuna pambo linalostahili kununuliwa kwa roho ya mtu.

Na kama bado unadhani ni uzee, nitakupa mfano mwingine. Tarehe 8 Juni 1966, huko California, ndege tano ziliruka kwa safu ili zipigwe picha za kampuni iliyotengeneza injini zao. Katikati ilikuwa XB-70, ndege kubwa ya majaribio, mpya kabisa, fahari ya Marekani. Ndege ndogo aina ya F-104 iliyokuwa karibu na bawa lake iliigonga. Rubani wa F-104, Joe Walker, alikuwa miongoni mwa marubani hodari wa majaribio waliopata kuishi. Alikufa. Carl Cross, rubani msaidizi wa XB-70, naye alikufa. Al White peke yake ndiye aliyenusurika. Ndege mpya, marubani mabingwa, na yote hayo kwa ajili ya picha! Nani atasema hapo kwamba kosa lilikuwa kutu?

Lakini mimi si mtu wa kuficha ukweli unaonipinga. Mnamo tarehe 2 Oktoba 2019, B-17 nyingine, Nine-O-Nine, ilianguka katika uwanja wa ndege wa Bradley, jimbo la Connecticut, ikiwa na watu 13. Saba walikufa. Hiyo haikuwa katika safu. Injini zilileta shida, rubani hakuimudu ndege ipasavyo alipokuwa akirudi kutua, na wachunguzi wakaona kuwa utunzaji wake ulikuwa na kasoro. Haya, hapo matunzo yanahusika. Lakini hata hapo uzee wenyewe haukuua mtu. Chombo kikongwe kikitunzwa vizuri husafiri. Kichanga kikipuuzwa huzama.

Kwa maoni yangu, basi, kupiga marufuku ni kukata mti mzima kwa sababu ya tawi moja. Zaidi ya B-17 elfu 12 ziliundwa, na leo zinazoweza kuruka zinahesabika kwa vidole. Kijana akiisikia ngurumo ya zile injini nne, anaelewa kuhusu vita jambo ambalo kitabu hakitamwambia. Utu uzima dawa. Ila dawa nayo ina kipimo chake.

Kipimo ninachopendekeza ni hiki. Mosi, kila kundi lipewe kimo chake, kiandikwe, kisomwe kwa sauti mbele ya marubani wote kabla ya kuruka. Rubani asiyekijua kimo chake asipande ndege. Pili, msimamizi asitunge mpango mpya redioni wakati ndege ziko juu. Likizuka jambo, zitawanyike kwanza, hesabu ianze upya. Tatu, ndege za mwendo wa kasi zisichanganywe na za mwendo wa pole katika eneo moja. Nne, ndani ya ndege ya maonyesho wawemo tu wale ambao bila wao haiwezi kuruka. Asiye na kazi aitazame akiwa chini pamoja na sisi wengine.

Najua wapo watakaosema masharti haya yatapunguza utamu. Sawa, na yapunguze. Tukitazama ndege za jeshi letu zikipita kwa safu siku ya Jamhuri, tunapiga makofi kwa sababu ya ule unadhifu. Tukumbuke kwamba unadhifu huo haushuki kutoka mawinguni. Ni kazi ya watu walioketi mezani, wakakubaliana nani awe wapi na kwa kimo gani.

Wale sita wa Dallas hawakuuawa na ndege kongwe. Waliuawa na neno moja ambalo halikusemwa asubuhi ile. Tahadhari kabla ya hatari, ndugu zangu, na tahadhari ya angani hufanywa chini.