Maegesho ya majengo ya umma: kivuli huanzia kwenye mchoro na mkataba

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Habari za jengo jipya la umma aghalabu huhusu gharama yake, idadi ya ghorofa na siku ya makabidhiano. Eneo linalolizunguka, yaani maegesho ya magari, njia za waendao kwa miguu, mifereji ya maji ya mvua na miti, hutajwa mwishoni, kama linatajwa. Ilhali sehemu hiyo ndiyo mwananchi anayokutana nayo kwanza anapofuata huduma, na katika viwanja vingi vya ofisi ni kubwa kuliko ile iliyokaliwa na jengo lenyewe.

Suala hili lina uzito wa pekee Dodoma. Tangu Serikali ilipotangaza mwezi Julai 2016 kuhamishia shughuli zake makao makuu, ujenzi wa ofisi za umma umeendelea kwa kasi. Katika Mji wa Serikali wa Mtumba, majengo ya awali ya wizara yalizinduliwa Aprili 2019 na kufuatiwa na majengo ya ghorofa. Kila jengo huja na maegesho yake, na kila maegesho ni ardhi iliyofunikwa kwa lami au vitofali vya saruji katika mkoa ambao hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Novemba ardhi hubaki kavu, upepo huinua vumbi, na jua la nyuzi sita tu kusini mwa Ikweta huwa juu sana saa sita mchana, kiasi kwamba kuta za jengo hutoa kivuli kifupi tu. Lami iliyoachwa wazi chini ya jua kali inaweza kufikia nyuzi 60 za Selsiasi, na joto hilo hurudi madirishani na kuongeza kazi ya viyoyozi ambavyo umeme wake hulipwa na fedha za umma.

Si kwamba nchi haina sheria. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 na kanuni zake ndizo zinazosimamia matumizi ya viwanja na uendelezaji wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi inayoweza kuathiri mazingira ifanyiwe tathmini kabla ya kutekelezwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Juu ya hayo, kibali cha ujenzi hakitolewi bila mchoro wa mpangilio wa kiwanja, unaoonesha mahali jengo litakapokaa, umbali wake kutoka mpakani, lango, maegesho na mikondo ya maji. Kwa hiyo, maegesho ya jengo la umma yakiwa jangwa la saruji, swali la kuuliza ni katika hatua ipi kati ya mchoro na makabidhiano miti ilipopotea.

Hesabu ndogo inasaidia kulielewa jambo hili. Nafasi ya gari moja kwa kawaida ina upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5. Ukijumlisha sehemu yake ya njia ya kupita na kugeuzia, kila gari linahitaji takriban meta za mraba 25. Maegesho ya magari 100 basi huchukua meta za mraba 2,500. Mwarobaini uliokomaa na kutawanya matawi kwa kipenyo cha mita 8 hufunika meta za mraba 50 hivi, hivyo miti 25 inatosha kutia kivuli nusu ya eneo lote. Idadi hiyo si ya kutisha, kwani ni mti mmoja kwa kila magari manne.

Ugumu uko chini ya ardhi. Mti wa kivuli unahitaji udongo mwingi usioshindiliwa, na kiasi kinachopendekezwa kwa mti wa ukubwa wa kati huanzia meta za ujazo 15. Mara nyingi, mche unaopandwa baada ya vitofali kutandazwa hupewa shimo la nusu mita kwa nusu mita lililozungukwa na kokoto zilizoshindiliwa ili zibebe uzito wa magari. Mche huo haufi mara moja, bali hudumaa, mizizi ikatafuta njia juu na kuinua vitofali, na baada ya miaka michache mtu mwenye mamlaka akaagiza ukatwe kwa sababu unaharibu sakafu. Dawa yake ni rahisi endapo itawekwa kwenye mchoro tangu mwanzo: ukanda wa udongo wenye upana wa mita mbili kati ya safu mbili za magari, usioshindiliwa wala kufunikwa. Ukanda wa urefu wa mita 25, unaopakana na magari kumi kila upande, una meta za mraba 50 na unaweza kubeba miti minne au mitano bila kupunguza idadi ya magari iwapo kiwanja kilipimwa kwa kuuzingatia. Baada ya zege kumwagwa, ukanda huohuo ni gharama mpya na mabishano mapya.

Ukanda huo pia ndio mahali pa kupokelea maji. Mvua ya milimita 50 ikinyesha alasiri moja juu ya maegesho ya meta za mraba 2,500, huleta lita 125,000. Kwa desturi ya sasa, maji hayo huelekezwa haraka kwenye mfereji, kutoka mferejini kwenda barabarani, na kutoka barabarani hadi kwenye makazi yaliyo mabondeni. Tulinganishe na mahitaji ya miti: miche 25, kila mmoja ukipewa lita 20 mara mbili kwa wiki katika wiki 30 za ukame, itatumia lita 30,000. Mvua ya alasiri moja ni zaidi ya mara nne ya kiasi hicho. Kinachohitajika ni kuacha mapengo kwenye kingo za zege na kuinamisha sakafu ielekee kwenye udongo, wakati maji ya paani, ambayo hayana mafuta ya magari, yakihifadhiwa kwenye matangi kwa ajili ya kiangazi. Katika mji ambao kwa miongo mingi umetegemea visima vya Makutupora kwa maji yake, kumwagilia bustani za ofisi kwa maji ya bomba yaliyosafishwa, huku maji ya mvua yakisindikizwa nje ya lango, ni matumizi yasiyo na hesabu.

Yapo mambo mawili ambayo, kwa maoni ya mwandishi, yanaeleza zaidi kuliko mengine kwa nini miti haifiki umri wa kutoa kivuli.

La kwanza ni kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huisha tarehe 30 Juni, na miradi mingi hukimbizwa ikamilike kabla ya siku hiyo. Kazi za nje hufanyika mwisho kwa kuwa mitambo na malori lazima yaondoke kwanza. Matokeo yake, miche huwekwa ardhini mwezi Mei au Juni, yaani mwanzoni mwa miezi sita au saba isiyo na mvua. Mkandarasi ametimiza mkataba, picha za makabidhiano zina rangi ya kijani, na kufikia Oktoba kilichobaki ni vijiti. Kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani ilizinduliwa Desemba 2017, mvua zilipokuwa zikianza, na hakuna sababu ya mikataba ya ujenzi kutoufuata utaratibu huo. Upandaji unaweza kutengwa kama kazi inayojitegemea yenye tarehe yake, ukapangwa kufanyika Desemba hata kama jengo limekabidhiwa Juni.

La pili ni kipindi cha matazamio, muda ambao mkandarasi hubaki na wajibu wa kurekebisha kasoro huku sehemu ya malipo yake ikizuiliwa. Kipindi hicho kwa kawaida ni miezi 12. Nyufa za plasta hujitokeza ndani ya muda huo, lakini mti unahitaji angalau viangazi viwili kabla ya kuaminika kuwa umeshika. Tena, mara nyingi makadirio ya gharama huiweka mandhari ya nje katika mstari mmoja wenye kiasi cha jumla, bila kutaja aina ya mti, urefu wa mche, kina cha shimo wala mwagiliaji. Fedha zinapopungua, mstari huo ndio wa kwanza kukatwa, kwa kuwa hakuna anayeweza kueleza kilichoondolewa.

Kwamba sheria peke yake haitoshi, kuna ushahidi wa nje. Mji wa Sacramento katika jimbo la California, Marekani, ambao kama Dodoma hukaa miezi mingi mfululizo bila mvua, ulipitisha mwaka 1983 kanuni inayotaka nusu ya eneo la maegesho liwe na kivuli ndani ya miaka 15. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulipima maegesho 15 ya mji huo na kukuta kivuli ni asilimia 14 tu, na karibu nusu ya hicho kilitokana na mapaa, wala si miti. Makadirio yalionesha kwamba hata maegesho yote yakitimiza miaka 15, kivuli kingefikia asilimia 27. Utafiti huohuo ulibaini kuwa asilimia 36 ya nafasi za magari zilikuwa tupu hata katika saa za msongamano. Kwa maneno mengine, nafasi za magari zilijengwa kupita mahitaji, wakati miti haikufikia hata kiwango kilichoandikwa. Ufaransa imechukua njia nyingine kwa sheria ya Machi 2023, inayotaka maegesho makubwa ya zaidi ya meta za mraba 1,500 yafunikwe nusu yake kwa mapaa yenye paneli za umeme wa jua, na kuyapa msamaha yale ambayo miti yake tayari inatoa kivuli kwa angalau nusu ya eneo. Kwa mkoa wenye jua kama la Dodoma, wazo la paa linalozalisha umeme linastahili kupigiwa hesabu, hasa mahali ambapo maji ya kumwagilia hayapatikani.

Takwimu ya nafasi tupu inatuleta kwa mwananchi asiye na gari, ambaye ndiye mgeni wa kawaida wa ofisi ya umma hapa nchini. Yeye hushuka kwenye daladala au bodaboda nje ya uzio na kutembea hadi mlangoni. Katika viwanja vingi, njia yake hukatiza katikati ya magari, bila ukingo wala kivuli, kwa sababu mchoro ulianza na gari. Mpango Kabambe wa kwanza wa Makao Makuu, ulioandaliwa na washauri kutoka Toronto na kukamilika mwaka 1976, ulikuwa na msimamo tofauti: mji wa watu wanaotembea, wanaoendesha baiskeli na kupanda mabasi. Mengi katika mpango huo yamepitwa na wakati, lakini mpangilio wake wa kipaumbele haujapitwa. Safu ya kwanza ya miti inapaswa kuwekwa kando ya njia ya miguu kati ya lango na mlango mkuu, kisha magari yafuate.

Kwa watu wenye ulemavu, vipimo ndivyo vinavyosema. Nafasi ya gari la mtu anayetumia kiti cha magurudumu inahitaji upana wa takriban mita 3.6, iwe karibu na mlango, na njia ya mteremko isizidi kupanda kimo kimoja kwa kila urefu wa kumi na mbili. Nafasi iliyochorwa alama ya kiti hicho ikaishia kwenye ngazi tatu haijatimiza matakwa ya sheria, hata kama rangi yake ni mpya.

Hoja ya usalama hutumiwa mara nyingi kukataa miti, na haipaswi kupuuzwa, kwani walinzi wanahitaji kuona na magari ya zimamoto yanahitaji kulifikia jengo. Mahitaji hayo hutimizwa kwa kuchagua vichaka visivyovuka magoti, kupogoa matawi ya chini yawe juu ya kimo cha mtu, na kuacha wazi njia ya zimamoto. Uchaguzi wa aina ya mti nao una maana. Mwarobaini na mkwaju huvumilia ukame na kutawanya kivuli. Miashoki, ile miti myembamba inayosimama kama mishale kwenye nyua nyingi, hupendeza langoni lakini kivuli chake hakimtoshi hata mlinzi. Mwembe una kivuli kizuri, ila wenye vioo vya magari watakuwa na la kusema msimu wa maembe.

Wakati wa kuyauliza haya ni kabla ya zabuni kutangazwa. Mpango wa kiwanja hupitia kwa wataalamu wa halmashauri, na madiwani wana Kamati ya Mipangomiji na Mazingira ambamo mradi wa ofisi, kituo cha afya au soko unaweza kuhojiwa kwa maswali yanayojibika: upana wa ukanda wa udongo ni mita ngapi, maji ya mvua yanaelekea wapi, miche itapandwa mwezi gani, na ni nani, kwa fungu lipi, atakayeimwagilia katika kiangazi cha pili baada ya mkandarasi kulipwa na kuondoka. Swali hilo la mwisho halihitaji mtaalamu kulijibu. Linahitaji jina la idara na kiasi cha fedha katika bajeti.