Tiba ya Nyuklia Yahitaji Walimu, Si Mitambo Pekee

Kiswahili kina maneno matatu makuu ya kumtaja mtu anayetibu. Tuna mganga, neno letu la Kibantu. Tuna tabibu, tulilolipokea kutoka Kiarabu. Na tuna daktari, lililotufikia kutoka Ulaya. Neno hilo la tatu lina asili ambayo wengi wetu hatuikumbuki: mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufundisha. Kabla hajawa mtu wa sindano na vidonge, daktari alikuwa mwalimu. Yafaa tuikumbuke asili hiyo tunapoizungumzia tiba ya nyuklia, na hasa kazi ya yule mtaalamu wa chuo kikuu anayetibu, anayetafiti na anayefundisha kwa wakati mmoja.

Eksirei huonyesha umbo la kiungo. Tiba ya nyuklia huonyesha jinsi kiungo hicho kinavyofanya kazi. Mgonjwa hupewa kiasi kidogo cha dawa yenye unururifu, dawa hiyo ikasafiri hadi kwenye kiungo kinachoihitaji, na kamera maalumu ikaufuatilia mwendo wake kutoka nje ya mwili. Wakati mwingine dawa ya namna hiyo hutumiwa si kwa kupiga picha bali kwa kuuangamiza ugonjwa penyewe ulipo. Mfano maarufu ni iodini, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita madini joto. Tezi ya dundumio iliyo shingoni huivuta iodini. Kwa hiyo iodini nururifu huweza kuitibu tezi iliyozidisha kazi yake, au saratani iliyoanzia humo.

Ugunduzi huo haukuanza na mtambo. Ulianza na swali. Mnamo Novemba 1936, mjini Boston nchini Marekani, daktari kijana aitwaye Saul Hertz alimsikiliza mwanafizikia Karl Compton akihutubia madaktari, kisha akamwuliza kama iodini ingeweza kufanywa nururifu kwa njia ya kisayansi. Hertz alishirikiana na mwanafizikia Arthur Roberts, wakaanza kwa kuwachunguza sungura, na mwaka 1941 akamtibu mgonjwa wa kwanza. Daktari aliyejua tezi lakini hakujua kuwauliza wanafizikia asingefika popote. Mwanafizikia naye, bila daktari, asingejua cha kufanya na iodini yake.

Barani Afrika, mfano ulio karibu nasi ni wa Profesa Mike Sathekge, ambaye ameiongoza kwa miaka mingi idara ya tiba ya nyuklia ya Chuo Kikuu cha Pretoria na Hospitali ya Steve Biko. Jina lake limejulikana duniani kwa utafiti wa kutibu saratani ya tezi dume iliyosambaa mwilini kwa kutumia elementi iitwayo aktini. Lakini lililo kubwa zaidi kwetu ni kwamba madaktari kutoka nchi mbalimbali za Afrika wamepitia mikononi mwake, wakarejea makwao kutibu na kufundisha. Huyo ndiye daktari kwa maana ya asili ya neno lenyewe.

Wagusii wanaijua maana hiyo. Watafiti wa karne iliyopita waliandika habari za ababari, wapasuaji wa jadi waliofungua fuvu la kichwa ili kumwondolea mgonjwa maumivu yaliyotokana na jeraha. Ujuzi huo haukuhifadhiwa vitabuni. Ulirithishwa na bingwa kwa mwanagenzi aliyeketi kando yake miaka mingi akitazama, akisaidia, kisha akijaribu. Pasipo mwanagenzi, bingwa alipofariki ujuzi ulizikwa pamoja naye.

Hebu sasa tumfikirie mwanafunzi wa Nyamache, mtoto wa mkulima wa majani chai, anayetamani kazi hii. Shahada ya udaktari humchukua miaka 6 katika vyuo vyetu. Mwaka 1 wa mafunzo kazini hufuata. Ubingwa huhitaji kama miaka 4, na huenda akalazimika kuutafuta ng'ambo. Hiyo ni miaka 11, na shahada ya uzamifu bado. Aidha, safari hiyo huweza kukatizwa mapema mno, siku ile mwanafunzi anapoambiwa aiache fizikia kwa kuwa ni ngumu na itaishusha alama ya wastani ya shule. Chini ya mtaala mpya, kijana huchagua mkondo wake anapoingia sekondari ya juu. Mwalimu anayemshauri wakati huo hushika ufunguo wa mlango ambao pengine yeye mwenyewe hajauona.

Wapo watakaosema kwamba Nyamache inahitaji wauguzi, dawa za malaria na maji safi kabla ya anasa za atomu. Hoja hiyo ina uzito. Hatudai kamera ya nyuklia ipelekwe katika hospitali ya Nyamache. Kuna dawa ambazo haziwezi kuvumilia safari. Florini nururifu, inayotumiwa sana kuitafuta saratani mwilini, hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110. Hutengenezwa katika mitambo kama ile iliyoko Hospitali ya Aga Khan jijini Nairobi na Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ikisafirishwa kwa saa 6 kuelekea Gusii, itakayofika ni takriban sehemu moja kwa kumi. Teknesi, kwa upande wake, hupungua kwa nusu katika saa hizo 6, tena huweza kukamuliwa hospitalini kila siku kutoka katika chombo ambacho wataalamu wenyewe hukiita ng'ombe. Basi ni nani atakayeishauri serikali ya kaunti ni huduma ipi iwezekanayo Kisii na ipi ibaki Nairobi? Mwuza mitambo hatasema. Anayeweza kusema ni msomi asiye na bidhaa ya kuuza.

Tumekwisha kuonja uchungu wa kununua vyombo kabla ya watu. Mradi wa kukodisha vifaa vya hospitali za kaunti, ulioanza mwaka 2015, ulileta mashine ambazo baadhi yake zilikaa bure kwa kukosa wataalamu, umeme au vyumba vya kuzitia, hata Bunge la Seneti likalazimika kuuchunguza. Mashine huanza kuchakaa siku inapofunguliwa sandukuni. Ujuzi wa mwalimu huongezeka kila anapoutoa.

Kuna pia suala la lugha. Mgonjwa aliyemeza iodini nururifu hurudi nyumbani akiwa na maagizo: ajitenge kwa siku kadhaa na watoto wadogo na wajawazito, na awe mwangalifu hasa na mkojo wake. Maagizo hayo yakitolewa kwa Kiingereza kwa mama asiyekielewa vyema, anayehatarika ni mjukuu anayelala naye kitanda kimoja. Isitoshe, wengi wakisikia neno nyuklia hulifikiria bomu la Hiroshima, wakakimbia tiba ambayo ingewaokoa. Istilahi hazikosekani. Tangu mwaka 1990, TUKI ilipochapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia, Kiswahili kimeonyesha kwamba kinaweza kuibeba sayansi. Kinachokosekana ni madaktari wa kuzitumia istilahi hizo na wanaisimu wa kuketi nao.

Hapana budi, basi, hatua zichukuliwe. Shule zisiifukuze fizikia kwa ajili ya kulinda wastani. Kaunti za Kisii na Nyamira zidhamini madaktari wachache wakasomee ubingwa huu, kwa mkataba wa kurejea, na zihakikishe kwamba watakaporejea watakuta kazi na mshahara unaolipwa kwa wakati. Vyuo vikuu navyo viwape wahadhiri wa udaktari muda wa kutafiti, badala ya kuwachosha kwa zamu hadi wanapohamia ng'ambo. Na wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu darasani, usiogope miaka 11. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mitambo tutanunua, na wahisani watatupa mingine. Lakini kila mtambo utasubiri mtu wa kuuwasha, na mtu huyo naye atakuwa amefundishwa na mtu. Tuanze na huyo wa mwisho.