Muhogo mchungu hautaki haraka



Mara mingi tunaongea juu ya mbegu, mozaiki na bei. Leo tuongee juu ya siku zenye muhogo unakaa ndani ya maji. Maoni yangu ni haya: koperativi isilipe tena bei moja kwa muhogo wa siku 1 na muhogo wa siku 4.

Hapa Muhumba unga unafika ndani ya mfuko, hakuna mtu anauliza uliloweshwa siku ngapi. Lakini kule Burhinyi, teritware ya Mwenga, waganga walikuta watu wenye konzo, na mwaka 2011 habari yao ikatangazwa. Ugonjwa huu si mpya: daktari Trolli aliueleza kule Kwango mwaka 1938. Mtu anakuwa mzima, kisha gafula miguu inakazana. Hakuna dawa ya kuirudisha. Inashika zaidi watoto na wamama wenye umri wa kuzaa.

Muhogo mchungu uko na sumu ya sianidi. Ukiulowesha siku 3 ao 4 mpaka ulainike, kisha uuanike vizuri, sehemu kubwa ya sumu inatoka. Vita, kukimbia na haraka ya soko ndivyo vinapunguza hizo siku. Tena mwili unahitaji protini ya kuvunja sumu yenye inabaki. Nyumba yenye inauza maharagi yote na kubakia na bugali karibu peke yake inajiweka kwenye hatari mara mbili.

Mtasema: njaa haingoji siku 4. Ni kweli. Kama unga umekwisha kusagwa, uchanganye na maji, uutandaze mwembamba, usipite santimetre 1, masaa 2 kwenye jua ao masaa 5 kwenye kivuli, kisha upike siku ile ile. Wamama wa Popokabaka walianza njia hii mwaka 2010.

Lakini hiyo ni ya kusaidia, haiondoe kazi yetu. Mkulima anayengoja siku 4 anapoteza soko kwa yule wa siku 1. Mafunzo peke yake hayawezi kushinda hesabu hiyo. Kwa hiyo kwenye mkutano mkuu tukate mambo mawili: franga za kuongeza kwa muhogo uliolowa vizuri, na kila nyumba ibakishe maharagi ya kula mbele ya kuuza. Faida yenye inavunja miguu ya mtoto si faida.