Kwao, Sisi wa Kolo Ni Makafiri

Kuna hadithi inayopendwa sana na wasomi wenzangu. Inasema kwamba vita vya Mogadishu, Cabo Delgado na Beni vina mzizi mmoja: mtoto anapelekwa madrasa, anakua msikitini, anaishia porini na bunduki. Ni hadithi fupi, na inamwondolea msimulizi kazi ya kusoma historia. Mimi ni Mrangi wa Kolo, Mwislamu na mtoto wa Waislamu, na naikataa. Siikatai kwa sababu inaniumiza, ingawa inaniumiza. Naikataa kwa sababu ni ya uongo, na uongo huo unagharimu maisha ya watu.

Itazameni Kolo yenyewe. Wageni wanapita hapa kwenda kuona michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kwetu sisi, Mongomi si mahali pa kupigia picha tu. Bado kuna wanaopanda kule kwa matambiko, kuomba mvua, kumwombea mgonjwa. Wengi wetu hapa ni Waislamu. Wapo masheikh wanaoliita jambo hilo shirki na wapo wazee wanaowajibu kwamba mvua ya babu zao iliombwa pale. Wanabishana, kisha siku ya Maulidi wanakaa jamvi moja na kula sahani moja.

Sasa jiulize makundi haya yangetufanya nini yakifika. Huna haja ya kubuni. Mwaka 2012, Ansar Dine na wenzao walibomoa makaburi ya mawalii kule Timbuktu, mji ambao nao ni Urithi wa Dunia. Mwaka 2016, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Ahmad al-Faqi al-Mahdi kifungo cha miaka 9 kwa uharibifu huo. Nchini Somalia, Al-Shabaab walivunja makaburi ya masheikh wa Kisufi. Waliozikwa humo walikuwa Waislamu, na waliolia ni Waislamu. Kwa kipimo cha watu hawa, Kolo nzima ni makafiri, pamoja na imamu wetu.

Ndiyo maana nasema vita hivi havikutoka kwenye Uislamu wa vijijini. Vilianza kwa kuushambulia. Kabla ya Mocímboa da Praia kuvamiwa tarehe 5 Oktoba 2017, vijana wa kundi lile walikuwa wakiingia misikitini na viatu, wakigombana na maimamu na kuwakataza watu kupeleka watoto shule za serikali. Viongozi wa Kiislamu waliionya serikali ya Msumbiji mapema. Haikuwasikiliza ipasavyo. Baada ya shambulio, misikiti ikafungwa na watu wengi wakakamatwa. Aliyepiga kelele kwamba mwizi yuko ndani ndiye akaanza kupekuliwa mifuko.

Kama si madrasa, ni nini basi? Mwaka 2017 shirika la UNDP lilitoa utafiti uliotokana na kuwahoji watu waliojiunga na makundi haya barani Afrika. Asilimia 71 ya waliojiunga kwa hiari walisema kilichowasukuma mwishoni ni hatua ya serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Asilimia 57 walikiri kwamba maandiko ya dini hawayaelewi au wanayaelewa kidogo tu. Na aliyesoma elimu ya dini kwa miaka 6 au zaidi alikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kujiunga. Yaani madrasa ambayo wasomi wenzangu wanataka ichunguzwe ni sehemu ya chanjo.

Historia inasema hivyohivyo. Al-Shabaab walikuwa tawi la vijana tu ndani ya Mahakama za Kiislamu za Mogadishu. Desemba 2006 majeshi ya Ethiopia yaliingia Somalia, Mahakama zikasambaratika, na vijana wale wakapata kile ambacho mahubiri peke yake hayakuwahi kuwapa: jeshi la kigeni la kupigana nalo. Baadaye wakajilipa kwa kutoza kodi, hata kwenye biashara ya mkaa. Hiyo ni vita yenye uchumi wake.

Na sisi Watanzania tusijifanye watazamaji. Kibiti, mwaka 2017, askari polisi na viongozi wa vijiji waliuawa mmoja baada ya mwingine. Wauaji walistahili mahakama, na wananchi walistahili kujua. Badala yake, Azory Gwanda, mwandishi aliyekuwa akiripoti mauaji hayo, alichukuliwa Novemba 2017 na hajaonekana hadi leo. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walishtakiwa kwa ugaidi mwaka 2014, wakakaa rumande hadi Juni 2021 mashtaka yalipofutwa. Miaka yote hiyo, bila hukumu. Oktoba 2020, wapiganaji kutoka Msumbiji walishambulia Kitaya, mkoani Mtwara. Dola inayowapoteza watu inampa adui mahubiri ambayo asingeweza kuyatunga mwenyewe.

Lakini ndugu zangu Waislamu nao wasipige makofi mapema. Wapo kati yetu ambao kila shambulio likitokea husema, "Hao si Waislamu, ni njama za mabeberu," kisha mjadala unafungwa. Tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, wauaji waliwatenganisha wanafunzi kwa dini. Watu 148 walikufa. Dini ndiyo iliyotumiwa kama kipimo cha nani aishi, na aliyenyang'anywa kipimo chake hana budi kukidai hadharani. Kukaa kimya hakutusafishi.

Wapo waliokidai. Novemba 2014, karibu na Mandera, abiria 28 walishushwa kwenye basi na kuuawa kwa kuwa hawakuwa Waislamu. Desemba 2015 basi jingine lilisimamishwa huko huko, Waislamu wakaamriwa wajitenge na Wakristo. Walikataa. Wanawake walikuwa wamewapa wenzao Wakristo hijabu zao wajifunike. Salah Farah, mwalimu Mwislamu, alipigwa risasi na akafa Januari 2016.

Wauaji walitaka jambo moja tu kwa abiria wale: "ninyi" wakae huku, na "wale" wakae kule. Kila msomi anayemgeukia mwenzake mwenye kanzu na kumuuliza, "Ninyi mnasemaje kuhusu haya?" anawapanga watu kwa mstari uleule. Jibu la sisi wa Kolo ni lile la abiria wa Mandera: hatushuki.