Karatasi Ionekane: Kioo cha Kusomea na Deni la Kujibu

Si zamani nilialikwa kuzungumza na wananchi wa Kisarawe nikiwa Kibaha. Wao walikuwa ukumbini, wameketi mbele ya skrini kubwa. Mimi nilikuwa katika chumba kidogo chenye feni, kompyuta na taa niliyoiazima kwa mwanafunzi wangu. Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Pwani zinapakana, lakini waandaaji waliona ni nafuu kunileta kwa njia ya video. Mada yangu ilikuwa haki ya mwananchi katika mkutano mkuu wa kijiji.

Nilijiandaa kwa bidii, na bidii hiyo ndiyo iliyoniponza. Niliandika hotuba ya kurasa sita, nikaiingiza katika programu ya teleprompta, yaani kile kioo cha kusomea ambacho watangazaji wa televisheni wamekitumia miaka mingi, na ambacho siku hizi kila mwenye simu anaweza kukipakua. Maneno yalipanda taratibu juu ya skrini, karibu kabisa na jicho la kamera. Nilisoma bila kukwama. Nilijisikia msemaji hodari.

Nilipoitazama rekodi jioni ile, niliona jambo ambalo sikuliona mchana. Nilipokuwa katikati ya ukurasa wa nne, mama mmoja aliinuka katika safu ya tatu. Mwezeshaji akampa kipaza sauti. Mama akauliza: kijijini kwao taarifa ya mapato na matumizi haijasomwa muda mrefu, na aliyeuliza aliambiwa anavuruga amani, je, aende wapi? Sauti yake ilinifikia kama kelele za ukumbini, na dirisha la kuonyesha ukumbi lilikuwa limefunikwa na maandishi yangu mwenyewe. Nikaendelea kusoma. Sentensi niliyokuwa naisoma, msomaji wangu, ilikuwa inasema kwamba mwananchi anayeuliza katika mkutano ana haki ya kujibiwa. Mama akasubiri kidogo, akarudisha kipaza sauti, akaketi.

Kesho yake nilipata namba yake kwa mwezeshaji, nikampigia kumwomba radhi. Nilimwambia sikumwona. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole ulioniumiza kuliko hasira: "Mwalimu, mbona ulikuwa unanitazama?"

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Sikuwa nimemtazama. Nilikuwa nimeyatazama maneno yangu, na kifaa kikatafsiri kutazama huko kuwa ni kumtazama yeye. Kwa hiyo mama yule hakuondoka akidhani mtaalamu hakumsikia. Aliondoka akiamini mtaalamu alimwona, akamsikia, akampuuza.

Tuanze na kifaa chenyewe, kwa sababu historia yake ina funzo. Teleprompta ilizaliwa Marekani kwenye mwaka 1950, kazi ya mwigizaji Fred Barton, mhandisi Hubert Schlafly na Irving Kahn. Waigizaji wa televisheni walikuwa wanapewa maneno mapya kila siku na hawakuwa na muda wa kuyakariri. Mwanzoni ilikuwa karatasi ndefu inayoviringishwa kwa mota, ikiwekwa kando ya kamera. Mwaka 1952 Herbert Hoover, aliyewahi kuwa Rais wa nchi hiyo, aliitumia mjini Chicago katika mkutano mkuu wa chama chake cha Republican, na siasa ikaingia katika kioo. Miaka hiyohiyo mtayarishaji wa vichekesho Jess Oppenheimer alipata njia ya kuyaleta maneno mbele ya lenzi yenyewe: kioo kinalazwa kwa mshazari, maneno yaliyogeuzwa yanaakisiwa kwa msomaji, na kamera iliyo nyuma ya kioo haioni hata herufi moja.

Angalia mabadiliko hayo. Karatasi ilipokuwa kando ya kamera, mtazamaji makini aliweza kuona jicho la msemaji likienda pembeni. Ilipohamia mbele ya lenzi, dalili hiyo ikafutika. Na mwaka 2023 kampuni ya NVIDIA ilitoa programu inayorekebisha picha ya macho yako papo hapo, ili hata ukisoma pembeni uonekane unamkodolea mwenzako. Katika historia yote hiyo, ufundi umezidi kuelekezwa katika kuficha kwamba tunasoma.

Sisemi kusoma ni aibu. Baadhi ya wasomaji wangu watanishambulia kwamba ninatamani enzi za wasemaji wa jukwaani, na ninajua hatari ya tamaa hiyo. Tumeumizwa vya kutosha na viongozi wasiosoma. Ni wangapi wametoa amri ya mdomo barabarani, makofi yakapigwa, kisha watumishi wakahangaika miezi mingi kutafuta ni kifungu gani cha sheria kinachoibeba? Neno lililoandikwa limepitiwa na macho zaidi ya mawili. Lina takwimu zilizohakikiwa. Linaweza kushitakiwa kesho. Mtumishi wa umma anayeandika kabla ya kusema ananistahi kuliko yule anayesema kisha akaulizwa alimaanisha nini.

Wala kifaa hiki hakikosi wema wake. Kijana mwenye kigugumizi anayerekodi somo la kemia kwa wenzake wa kidato cha nne anakihitaji. Muuguzi anayetoa tangazo la chanjo, ambalo kosa la neno moja linaweza kuleta madhara, anakihitaji. Mtangazaji wa taarifa ya habari anakihitaji, na hakuna anayedanganywa, kwa maana sote tunajua kwamba habari husomwa. Kisarawe yenyewe iliwahi kuona kamera ikitumika kwa manufaa: kati ya mwaka 2018 na 2021, Jokate Mwegelo, aliyefika pale kama Mkuu wa Wilaya akiwa tayari ameizoea kamera, aliivumisha kampeni ya Tokomeza Zero hadi watu wa mbali wakajua kwamba wilaya ile ina watoto wanaofeli na kwamba jambo hilo halikubaliki. Kamera inaweza kuwa paa la nyumba ambapo mwito unapigwa ukasikika mbali.

Lakini mwito ni jambo moja na mazungumzo ni jambo jingine. Hoja yangu ni hii: mahali ambapo msikilizaji anadai jibu, karatasi lazima ionekane. Hilo si wazo langu jipya. Ukizitazama taasisi zetu utaona kwamba zilikwisha kulifikiria, kila moja kwa namna yake.

Chukua risala. Hakuna shughuli ya kijamii katika nchi hii, iwe mahafali ya shule ya msingi au uzinduzi wa kisima, isiyokuwa na risala kwa mgeni rasmi. Risala husomwa, na msomaji hajifichi. Anaishika karatasi kwa mikono miwili, wakati mwingine mikono ikitetemeka, anaisoma hadi mwisho, kisha anapiga hatua mbele na kuikabidhi. Tendo hilo la kukabidhi ndilo kiini chake. Karatasi inageuka ushahidi kwamba tulisema hatuna maji, hatuna mwalimu wa hisabati, daraja limevunjika. Mgeni rasmi hawezi kesho kusema hakuambiwa. Naye anapoinuka anatarajiwa kujibu hoja za risala moja baada ya nyingine, na asipojibu, watu watanong'ona njia nzima kurudi nyumbani.

Chukua Bunge. Kanuni zake hazimruhusu mbunge anayechangia kusimama na kusoma tu maelezo aliyoyaandika. Anaruhusiwa kutazama dondoo zake ili kujikumbusha. Sababu yake inaeleweka: mjadala unakufa pale kila mmoja anaposoma alichoandika nyumbani, kwa kuwa hakuna aliyesikia aliyemtangulia. Waziri wa Fedha husoma hotuba ya bajeti, naam, saa nzima na zaidi, karatasi ikionekana na kila mtu. Lakini baada ya kusoma kuna siku za mjadala, kisha husimama tena kujibu hoja. Kusoma kwake kumewekewa deni, na deni hilo hulipwa ukumbini humo.

Chukua Mahakama. Sheria yetu ya Ushahidi inamruhusu shahidi kujikumbusha kwa kutazama maandishi aliyoyaandika karibu na wakati wa tukio. Ila inaweka sharti: upande wa pili una haki ya kuoneshwa maandishi hayo na kumuuliza shahidi maswali ya dodoso juu yake. Na tangu kanuni za mwaka 2021 zilizoruhusu mashauri kuendeshwa kwa mtandao, shahidi anaweza kutoa ushahidi akiwa mbali na hakimu. Fikiria shahidi huyo ana maneno yanayopanda taratibu mbele ya lenzi, yaliyoandikwa na mtu mwingine. Macho yake yametulia, sauti haikwami. Hakimu aliyezoea kupima mwenendo wa shahidi atapima nini hapo? Ubora wa programu?

Risala, Bunge na Mahakama vinafundisha jambo moja: soma ukitaka, lakini tuone unachosoma, kisha baki tukuulize. Kifaa kilichonidanganya siku ile kinavunja masharti yote mawili. Kinaificha karatasi, na kinamfanya msomaji ashindwe kuona mkono ulioinuliwa.

Kibaha, mahali nilipokuwa nimeketi siku ile, ndiko iliko Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, pale Kwa Mfipa, iliyofunguliwa Februari 2022, mradi wa vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika kwa msaada wa China. Jina la shule hiyo linatukumbusha mtu ambaye alikuwa mwandishi kwanza. Mwalimu aliandika mno. Hotuba zake zimejaza vitabu. Lakini sikiliza rekodi ya Mei Mosi ya mwaka 1995 mjini Mbeya. Utasikia mtu anayesimama kusubiri kicheko kipite, anayerudia jambo kwa sababu ameona halijaeleweka, anayeongeza mfano kwa sababu uso fulani mbele yake umeonesha shaka. Hotuba ile ilifanywa na watu wawili: yeye na umati. Ikiwa leo tunawafunza viongozi wetu kitu kuhusu kusema hadharani, na tuwafunze hiki kabla ya kuwafunza mkao mbele ya taa.

Ninaogopa kwamba tunaelekea kinyume. Ofisi nyingi za umma sasa zina mtu wa video. Taarifa ya mafanikio hurekodiwa vizuri, ikahaririwa, ikarushwa mitandaoni, na mwishowe ikachukuliwa kwamba wananchi "wamefahamishwa". Lakini chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ndio mamlaka ya juu ya kijiji katika mambo ya sera. Mkutano huo haukuwekwa ili watu wafahamishwe tu. Uliwekwa ili mwenyekiti na mtendaji wasimame mbele ya mti au darasani, wasome mapato na matumizi kutoka kwenye karatasi, na mtu kama mama yule wa safu ya tatu aseme: rudia hapo kwenye saruji. Video haiwezi kuambiwa rudia hapo kwenye saruji.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, yote ya bei nafuu.

Kwanza, anayesoma mbele ya kamera katika shughuli ya umma aseme kwamba anasoma. Sentensi moja inatosha: "Nitasoma taarifa kwa dakika kumi, kisha nitaweka karatasi chini." Andiko hilo litumwe kwa wasikilizaji kabla au mara baada ya mkutano, kama risala inavyokabidhiwa.

Pili, katika mkutano wowote wa video unaowahusisha wananchi, muda wa maswali usipungue muda wa kusoma, na wakati wa maswali programu ya kusomea izimwe. Sura za watu ndizo zijaze skrini.

Tatu, sisi walimu tuanze na nyumba yetu. Mwanafunzi anayetetea andiko lake kwa mtandao awe na dondoo zake mezani, zionekane, na asomapo tumwambie aache asome macho yetu. Nasi tunapofundisha kwa video tujiwekee sheria hiyohiyo. Nimeshuhudia mihadhara, mingine yangu, ambayo ingeweza kuendelea hadi mwisho hata kama wanafunzi wote wangekuwa wameondoka.

Niliporudi kuzungumza na kundi lile, nilikwenda Kisarawe mwenyewe. Nilishika karatasi tatu mkononi. Nilikwama mara mbili, nikapoteza mstari, nikautafuta kwa kidole huku watu wakinisubiri. Hakuna aliyecheka. Mama wa safu ya tatu alikuwa safu ya kwanza safari hii, na swali lake alilileta limeandikwa kwenye daftari la mwanawe. Alilisoma lote, akalichana lile jani, akanikabidhi. Ninalo hapa mezani. Sehemu ya jibu nilimpa siku ile: namna ya kudai mkutano, na namna ya kuandika kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, nakala kwa Mkuu wa Wilaya. Sehemu nyingine, kama taarifa itasomwa au haitasomwa, si mimi wa kuijibu. Wapo wanaolipwa kuijibu, na ninawaandikia makala haya kwa sababu najua baadhi yao huyasoma.